Kambi Bequia, matembezi Grenadini: jinsi ya kupanga safari za siku moja kati ya visiwa

Bequia ni kisiwa cha Grenadini, katika Karibi, chenye kilomita za mraba 18 hivi, kusini mwa Saint Vincent, na wenyeji hulitamka jina lake "Bekwei". Kina watu kama elfu tano na mji mmoja, Port Elizabeth, uliojificha ndani ya ghuba ya Admiralty. Faida yake kubwa kwa msafiri ni mahali kilipo. Kaskazini, Saint Vincent ni mwendo wa saa moja kwa meli. Kusini-mashariki iko Mustique. Kusini vinafuatana Canouan, Mayreau, visiwa vidogo vya Tobago Cays, halafu Union, kisha unavuka mpaka baharini na kuingia Carriacou, ambayo ni ya Grenada. Unaweza kulala kitanda kilekile wiki nzima na kila asubuhi ukashika njia nyingine.

Wageni wengi hupanga safari hizi kwa kutazama ramani na bei. Kinachoamua hasa ni kurudi: meli ya mwisho inang'oa nanga saa ngapi, na upepo utakuwa upande gani mtakapogeuza chombo. Hatua zote zinazofuata zinaanzia hapo. Saa nilizotaja ni za kwetu. Saa 12:30 asubuhi ndiyo utakayoiona kwenye ratiba imeandikwa 6:30.

1. Malizana na karatasi

Saint Vincent na Grenadini ilipata uhuru mwaka 1979 na ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, kama zilivyo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Kwa anayetoka huku kwetu, kikwazo huwa ni njiani zaidi kuliko mlangoni pao. Ukipitia Miami au New York, Marekani itataka viza hata kama unabadilisha ndege tu. Ukipitia London, hakikisha mapema kama pasipoti yako inahitaji kibali cha kupita. Ndugu zetu wanaoishi Uingereza na Marekani wana nafuu, maana kutoka London na Miami kuna ndege hadi uwanja wa Argyle, uliofunguliwa mwaka 2017 kisiwani Saint Vincent. Masharti ya kuingia yasome kwenye tovuti ya serikali yao au uulize ubalozi; picha ya skrini iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp isikupandishe ndege.

Ukitokea Afrika Mashariki, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi ziache nyumbani, hata kofia ya mtoto, kwa sababu raia kuzivaa ni kosa la jinai kule.

Kutoka Argyle unachukua teksi hadi gatini Kingstown, kisha meli ya Bequia. Ndege ikitua jioni sana, lala Saint Vincent na uvuke asubuhi. Bequia ina kiwanja chake kidogo, na ndege ndogo hutua hapo kutoka Barbados, lakini nauli yake si ya kila mtu.

2. Chagua miezi

Aliyekulia kwenye kaskazi na kusi itabidi ajifunze upya kidogo. Katika visiwa hivi upepo hautoki kaskazini nusu mwaka na kusini nusu nyingine. Unatoka mashariki karibu mwaka mzima. Kinachobadilika ni nguvu yake, na kuinama kwake kuelekea kaskazini au kusini. Kuanzia Desemba hadi Februari huvuma kwa kishindo, na wenyeji huziita pepo za Krismasi. Ndiyo miezi ya hoteli kujaa na bei kupanda, na ndiyo miezi ambayo bahari kati ya visiwa huchafuka zaidi. Kwa mtu ambaye shabaha yake ni kurukaruka kisiwa hadi kisiwa, Machi hadi Mei ni bora: mvua chache, upepo umetulia, vyumba vinapatikana. Ukipenda kambakoche, fika kabla ya Aprili kwisha, kwa sababu kuanzia Mei 1 hadi Agosti 31 ni marufuku kuwavua.

Msimu rasmi wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na hili si jambo la kusoma ukafunua ukurasa. Julai 1, 2024, kimbunga Beryl kiliipiga Carriacou kikiwa daraja la 4. Kisiwani Union karibu nyumba zote ziliharibiwa, na Mayreau na Canouan ziliumia vibaya, ilhali Bequia ilipata nafuu kuliko majirani zake wa kusini. Kwa hiyo kila unachokisoma kuhusu hoteli, mgahawa au boti ya upande wa kusini, tazama kiliandikwa lini. Kikiwa cha kabla ya tarehe hiyo, piga simu kwanza.

3. Uchore upepo kwenye ramani

Chukua karatasi, weka Bequia katikati, kisha chora mshale mmoja mkubwa ukitoka mashariki kwenda magharibi. Sasa kila safari itakuonyesha tabia yake.

Saint Vincent iko kaskazini, kilomita 15 hivi. Upepo unakuja ubavuni, na katika mlango wa bahari kati ya visiwa hivi viwili mawimbi ya Atlantiki huingia bila kizuizi huku mkondo ukisukuma maji kwenda magharibi. Meli itacheza, lakini ni chombo kikubwa na ni saa moja tu.

Mustique iko kusini-mashariki. Kwenda ni joshi: chombo cha tanga kitalazimika kubisha, na boti ya mashine itapigapiga mawimbi usoni. Kurudi mnasukumwa. Hii ni safari ya kuteseka asubuhi mkiwa na nguvu na kustarehe jioni mkiwa mmechoka, na ndivyo safari ya siku moja inavyopaswa kuwa.

Tobago Cays ni kinyume chake. Ziko kusini, zikiegemea magharibi kidogo, kilomita 45 hivi kutoka Port Elizabeth. Asubuhi mnateleza kama mchezo na kila mtu anasema bahari imetulia leo. Alasiri mnageuka kaskazini, upepo ukiinama kaskazini-mashariki unawajia karibu usoni, na abiria walewale waliocheka wanashika ndoo. Mwenye boti anaijua hali hii. Wewe ndiye usiyeijua. Ukiona upepo umepanda usiku na matawi ya minazi yanapiga kelele, siku hiyo si ya Tobago Cays. Badilishana na siku ya Kingstown.

Kwa sababu hiyo usifunge tarehe za safari zote kabla ya kufika. Funga kitanda, safari za boti zipange ukiwa kisiwani, ukitazama utabiri wa siku tatu za mbele. Siku ya kwanza tulivu wape Tobago Cays hata kama bado una usingizi wa safari.

4. Siku ya Saint Vincent

Kama siku bado si ya Tobago Cays, anza na hii kwa kuwa ndiyo rahisi na ya bei nafuu. Meli za Bequia na Kingstown zinasafiri mara kadhaa kwa siku, ya kwanza ikiondoka alfajiri pamoja na wanafunzi, wafanyakazi na mizigo. Tiketi hukatwa siku hiyohiyo. Jumapili na sikukuu ratiba hupungua sana, na Jumapili Kingstown hulala, maduka yamefungwa. Nenda Ijumaa au Jumamosi, siku ambazo soko limechangamka. Kabla hujaondoka gatini, piga picha ratiba ya kurudi iliyobandikwa, kisha muulize baharia kama ndivyo ilivyo leo.

Ukishuka, una siku za aina mbili za kuchagua, na tafadhali chagua moja.

Ya kwanza ni ya mji. Panda juu hadi Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1765, miongoni mwa bustani kongwe kabisa katika Amerika zote. Humo wanafugwa kasuku wa Saint Vincent, ndege wa taifa, na kuna mshelisheli unaotajwa kuwa kizazi cha miche iliyoletwa na Kapteni Bligh mwaka 1793. Waingereza waliuleta mti huo kutoka Pasifiki ili kuwalisha watumwa wa mashamba ya miwa kwa gharama ndogo. Leo shelisheli la kuchoma na samaki wa kukaanga ndicho chakula cha taifa, na Mzanzibari atakayekionja hatahitaji kufundishwa namna ya kula. Mchana nenda ngome ya Fort Charlotte juu ya mji. Siku ikiwa safi unaiona Bequia na visiwa vya nyuma yake, na unaweza kuukagua mlango wa bahari utakaouvuka jioni. Kwa mizunguko ya karibu panda vipanya, ambavyo hukusanyika Little Tokyo, kando ya soko la samaki lililojengwa kwa msaada wa Japani. Muziki wa juu, kondakta mlangoni, watu wanne kwenye siti ya watatu: mtu wa daladala au matatu atajiona yuko nyumbani. Kumbuka tu kwamba usiku na Jumapili vinaadimika.

Ya pili ni ya mlima. La Soufrière ni volkano hai yenye urefu wa mita 1,234, iliyolipuka Aprili 2021 na kuwahamisha maelfu ya watu wa kaskazini mwa kisiwa. Kuupanda ni kama saa mbili kwa mwenye pumzi, lakini barabara kutoka Kingstown hadi mwanzo wa njia nayo inakula zaidi ya saa moja. Kwa hesabu, ukipanda meli ya kwanza na teksi ikikusubiri gatini, inawezekana kwenda na kurudi siku moja. Mimi singeshauri. Mvua ikianguka mlimani au tairi likipasuka, meli ya mwisho haitakungoja. Lala Kingstown usiku mmoja, panda mlima alfajiri, rudi Bequia jioni bila mbio. Na kabla ya yote uliza kama njia iko wazi na utafute kiongozi.

5. Mustique, kwa ufupi

Kisiwa hiki ni mali binafsi. Mwingereza Colin Tennant alikinunua mwaka 1958, akampa Binti Mfalme Margaret wa Uingereza kiwanja kama zawadi ya harusi, na tangu hapo kimekuwa cha matajiri na wanamuziki wakubwa. (Bequia nayo ina ufuo wenye jina la Margaret huyohuyo, na kuogelea hapo ni bure.) Wageni wa siku moja hupokelewa, lakini kuna vipindi, hasa vya sikukuu, ambapo hufungiwa. Uliza kabla ya kulipa boti. Njiani mnapita Petit Nevis, kisiwa kidogo ambako kwa vizazi Wabequia walichinjia nyangumi. Hadi leo Tume ya Kimataifa ya Nyangumi inawaruhusu kuvua wachache kila mwaka kwa desturi, na baadhi ya wenyeji wenyewe hawakubaliani juu ya jambo hilo. Usianzishe mjadala huo ndani ya boti kama hutaki safari ndefu.

Kama bajeti ni finyu, Mustique ndiyo ya kukata. Utaona nyasi zilizopunguzwa na milango iliyofungwa, na kinywaji kimoja kitakugharimu mlo wa Bequia.

6. Tobago Cays, kwa urefu

Hii ndiyo inayowaleta watu. Ni visiwa vitano visivyokaliwa: Petit Rameau, Petit Bateau, Baradal, Jamesby na Petit Tabac. Vinne vya mwanzo vimekumbatiwa na mwamba wa matumbawe uitwao Horseshoe Reef, na cha tano kiko nje yake. Mwamba huo ndio unaovunja mawimbi ya Atlantiki, ndiyo maana ndani maji yametulia hata upepo ukivuma. Eneo zima ni hifadhi ya bahari. Walinzi huja na boti kukusanya ada, nayo mara nyingi haimo kwenye bei uliyopewa, kwa hiyo weka noti ndogo mahali pa karibu.

Kwanza amua aina ya chombo. Jahazi la tanga kwa mwendo wa kawaida linachukua saa nne kwenda na nne, pengine zaidi, kurudi. Kule utakaa saa mbili au tatu. Ukitaka raha ya tanga yenyewe, nenda hivyo. Bequia ni kisiwa cha mafundi wa vyombo, na Friendship Rose, jahazi lililojengwa hapo ufukweni na kufanya kazi ya kubeba barua na abiria kabla ya meli za kisasa, limepeleka watalii huko kwa miaka mingi. Ukitaka kukaa na kasa, chukua boti ya mashine: saa moja na nusu hivi, unafika kabla makundi hayajajaa.

Kwa boti ya mashine, panga siku namna hii. Ondokeni saa 2 asubuhi. Mkifika, anzeni Baradal, ambako kasa hula nyasi za baharini kwenye maji ya kina kifupi. Sehemu yao imezungushiwa maboya na boti za mashine haziruhusiwi kuingia. Ingia majini taratibu, elea, usipige miguu, usiwafukuze wala kuwagusa; kasa aliyezoea utulivu atakupita mkono mmoja tu pembeni. Kisha mwamba wenyewe. Hapo mkondo una nguvu. Ogelea kwanza kuelekea upande mkondo unakotoka, ukichoka ukurudishe, na uende wawili wawili. Pono, taa na samaki wa kila rangi wapo. Matumbawe usiyakanyage, yanakata na yanachukua miaka mingi kurudi.

Chakula cha mchana kiko sehemu mbili. Petit Bateau wenyeji huwasha makaa ufukweni na kuchoma samaki na kambakoche, ila lazima uagize asubuhi. Au vukeni hadi Mayreau, dakika chache tu, kwenye ufuo wa Salt Whistle Bay. Mayreau ina watu mia chache, na baada ya Beryl kila sahani inayonunuliwa pale inafika nyumbani kwa mtu; kama ningekuwa na mlo mmoja wa kutoa, ningeutoa Mayreau. Benki usiitegemee huko.

Saa 8:30 mchana, iwe isiwe, geuzeni. Jua linazama karibu saa 12 jioni mwaka mzima, na upepo wa alasiri ndio mkali. Nahodha anayesema "tukae kidogo zaidi" anakufurahisha wewe. Mgongo wako utamlaumu njiani.

7. Union na Carriacou: usizilazimishe kuwa siku moja

Kuna meli za abiria na mizigo zinazoshuka kutoka Kingstown hadi Union zikipitia visiwa vya kati. Haziendi kila siku, na inayokupeleka asubuhi huenda isirudi leo. Weka usiku mbili. Union ina vilima vilivyochongoka na mlima Taboi, mrefu kuliko yote ya Grenadini, na kuanzia Clifton, mji wake, unazifikia Tobago Cays kwa safari fupi sana. Anayeogopa bahari ya kurudi Bequia atapata hapa njia ya mkato. Thibitisha malazi kwa simu, kwa sababu ujenzi baada ya kimbunga haujaenda sawa kila mahali.

Carriacou unaiona kwa macho kutoka Union, lakini ni nchi nyingine. Unagonga muhuri wa kutoka Clifton na wa kuingia upande wa Grenada. Boti ndogo ikikuambia "hakuna shida, twende tu", shida itakuwa yako siku ya kupanda ndege.

8. Mazungumzo na mwenye boti

Salimia kwanza. Kumfuata mtu na swali la bei bila "good morning" ni utovu wa adabu huko kama ulivyo kwetu, na bei husikia. Kisha uliza haya, na usione haya: bei ni ya boti nzima au ya kichwa, ni dola ya Marekani au ya Karibi Mashariki, maana moja ya Marekani ni 2.70 za kule na neno "dola" linatumika kwa zote. Ada ya hifadhi na chakula vimo. Jaketi okozi ziko ngapi na za watoto zipo. Boti ina redio na mashine ya pili. Upepo ukikataa, fedha inarudi au inasogezwa siku nyingine. Anayejibu la mwisho bila kusita ndiye wa kwenda naye. Boti nzima ikiwa ghali, waulize wenyeji wako kama kuna wageni wengine wa kuchangia. Wanne au sita bei huwa ya kibinadamu.

Dawa ya kulewa bahari inywe nusu saa kabla ya kuondoka. Ukisubiri kichefuchefu kianze, umechelewa. Vaa shati la mikono mirefu la kuogelea, hata kama ngozi yako ni nyeusi tii: saa tatu ukielea kifudifudi, mgongo unaungua.

9. Siku ya akiba

Siku ya mwisho kabla ya ndege isiwe ya boti. Iache tupu, ukae ufuo wa Lower Bay hapohapo Bequia. Ndege ikiwa ya asubuhi kutoka Argyle, vuka kwenda Saint Vincent jana yake; ikiwa ya Jumapili, vuka Jumamosi mchana, na mwambie mwenye nyumba wa Kingstown mapema kwamba utafika na meli ya saa ngapi.